Si Kila Tundu ni Ufa

Pikipiki yetu ilinunuliwa kwa fedha za alizeti. Tunaishi Iramba, jirani na Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Msimu ule mvua zilitutendea haki, vichwa vya alizeti vikajaa, na baada ya kuuza magunia nikabaki na akiba. Mume wangu alitaka tununue ng'ombe. Nilimwambia ng'ombe atanunuliwa kwa hesabu ya pikipiki, naye akaridhia. Chombo tukamkabidhi mdogo wangu wa kiume, mwenye leseni na anayefahamika kijiweni. Mchana abebe abiria, jioni alete hesabu, na siku ya mnada atusaidie mizigo ya nyumbani bila malipo. Nyumba ikatulia juu ya makubaliano hayo.

Mama mkwe wangu, ambaye wanangu humwita bibi nami humwita mama, tunaishi naye. Yeye ndiye mwenye uwanja wa nyumba yetu. Huufagia kabla jua halijatoka, kisha hutandika turubai na kuanika alizeti ya kukamulia mafuta ya nyumbani. Kitu hakipotei mikononi mwake: mashudu ni ya kuku, mabua ni ya jikoni, na magunzi ya mahindi huyahifadhi kwenye debe, maana gunzi huwasha moto na huziba chupa. Nyumba yetu imeshiba miaka mingi kwa sababu ya tabia hiyo.

Kisa kilianza na matone. Ilikuwa Juni, upepo wa Singida unapovuma mkavu na baridi ya asubuhi inapowafanya watoto wagombee jiko. Pikipiki ililala uani, na kila kulipokucha palikuwa na doa chini yake: oili iliyochanganyika na maji, yenye weupe wa kuchafuka. Doa likasogea hadi kwenye ukingo wa turubai. Mama hakulipenda, na alikuwa na haki. Oili ya mashine ikiingia kwenye alizeti, mafuta ya kupikia ya mwaka mzima yanaharibika.

"Mwanangu," alimwambia mdogo wangu, "chombo chako kinakojoa kwenye chakula."

"Nitakiangalia, mama," akajibu, akawasha, akaondoka. Kijiweni abiria hawamsubiri mtu. Jioni alirudi amechoka, akaleta hesabu, akala, akalala. Asubuhi doa likawepo.

Kisha matone yakakoma. Mama akafagia kwa amani, mume wangu akamsifu shemeji yake kwa kusikia la mkubwa, na mdogo wangu akadhani tatizo limejimaliza lenyewe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake nani ametengeneza nini. Ukimya huo ndio uliotugharimu.

Haukupita muda mrefu, oili ikaanza kutokea mahali pengine. Ilivuja pembeni ya kijiti cha kupimia, ikaonekana pembeni ya mguu wa gia, ikalowanisha mnyororo. Mdogo wangu akawa anaongeza oili kila mara, na kila alipoongeza, hesabu ilipungua. Injini ndogo kama ile hubeba takriban lita moja tu ya oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, krenki, klachi na gia zote. Ikipungua kidogo, kila kitu kinaumia kwa pamoja.

Mume wangu akaanza kuhesabu kwa sauti. "Huyu kijana anapiga mshikaki," alisema usiku mmoja. "Abiria watatu mgongoni, anapanda milima, anaua injini yetu."

"Una ushahidi?" nilimuuliza.

"Ushahidi ni oili."

Mdogo wangu alisikia. Ukuta wa nyumba yetu si mnene. Asubuhi aliweka funguo mezani, akasema kwa heshima lakini macho yamejaa, "Shemeji, kama huniamini, mpe mwingine." Nilisimama kati ya mume na ndugu, na mwanamke aliyewahi kusimama hapo anajua jinsi panavyobana. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta, hasemi neno.

Fundi wa kando ya barabara aliitazama pikipiki kwa muda wa kuvuta sigara. Akasema ringi zimekwisha, ishushwe bloku, inunuliwe pistoni mpya na ringi zake. Bei aliyoitaja ingemaliza akiba ya ada za watoto. Tukasema tusubiri tuuze kuku.

Wakati tunasubiri, mdogo wangu alikwenda Shelui kutuletea gunia la mchele. Anayeijua njia ile anaujua mlima Sekenke, ule unaoshuka kutoka kwenye nyanda za Iramba hadi mbuga ya Wembere, eneo lililochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Kushuka ni rahisi. Kupanda na gunia, malori ya kwenda na kutoka Mwanza na Rwanda yakinguruma mbele na nyuma, ndiko kunakoipima mashine. Katikati ya mlima, sili iliyo nyuma ya spoketi ndogo iling'oka kwenye kiti chake. Oili ikamwagika kwenye mnyororo, ikarushwa kwenye tairi la nyuma, na tairi likapoteza mshiko. Mdogo wangu aliangukia upande wa korongo, si upande wa malori. Gunia lilipasuka. Yeye alichunika mkono na goti, akasimama akitetemeka, akaizima injini kabla haijasaga vyuma vikavu.

Alipoletwa nyumbani juu ya gari la mtu mwema, mama ndiye aliyemwosha vidonda. Nilimwona mume wangu akiushika mkono wa shemeji yake na kushindwa kuongea. Usiku ule hakuna aliyetaja hesabu.

Kesho yake mume wangu alikwenda Kiomboi kumtafuta fundi mzee ambaye ujana wake aliutumia kwenye mashine za kusaga na za maji. Mzee alikuja na begi dogo la spana. Tulimwamkia, akapewa kigoda na uji, akanywa taratibu huku akiitazama pikipiki iliyolala kando ya turubai. Hakuomba kufungua injini. Aliuliza swali moja:

"Mashine hii inapumulia wapi?"

Tulitazamana. Mdogo wangu alionyesha kabureta. Mume wangu alionyesha bomba la moshi. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapo inakula, na pale inatoa taka. Nauliza inapumulia wapi."

Akaingiza vidole nyuma ya silinda, akaugusa mpira mweusi wenye unene wa kidole, akaufuata polepole. Mpira ule ulipaswa kuingia kwenye boksi la hewa lenye chujio. Haukuingia. Kichuchu cha boksi kilikuwa kimevunjika, na fundi aliyesafisha chujio siku za nyuma aliuacha mpira ukining'inia bila kumwambia mtu. Hapo ndipo matone yalipotokea. Lakini sasa haukuwa unaning'inia. Ulikuwa umepandishwa juu, umechomekwa nyuma ya betri, na ncha yake imezibwa kwa gunzi la mahindi lililochongwa vizuri na kukazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kimya kilitanda uani. Kisha mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo wake:

"Hilo gunzi ni langu."

Akaeleza kwa sauti iliyotulia. Aliona mafuta yanapotea na chakula kinachafuliwa. Alisema mara kadhaa, hakuna aliyetenda. Akafanya alichofundishwa tangu utoto. "Si ninyi wenyewe mnaosema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nikaziba."

Mume wangu alifungua mdomo, mzee akamzuia kwa kiganja. "Mama," alisema, "kuziba kinachovuja si kosa. Kosa ni letu sisi tunaojua, tukaacha mpira unaning'inia na tukanyamaza. Ila hili lilikuwa tundu la pumzi, si ufa."

Akakaa chini, akamweleza yeye, si sisi, na kwa hilo nimemheshimu hadi leo. Alimwambia kwamba ndani ya injini pistoni inapanda na kushuka, na kila inaposhuka inasukuma hewa iliyo chini yake, kwenye chumba cha krenki. Kwenye injini ya cc 150, hewa inayosukumwa ni sentimita za ujazo 150 kila mara. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, msukumo huo hutokea mara 100 kwa sekunde moja. Juu ya hapo, ringi za pistoni hazizibi kikamilifu hata zikiwa mpya. Kila petroli inapolipuka, moshi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka chini. Moshi huo lazima upate njia ya kutoka.

"Kama sufuria ya maharage," mama akasema. "Ukikandamiza kifuniko, mchuzi utatokea pembeni."

"Ndivyo hasa," mzee akajibu. Pembeni kwa injini ni kwenye sili na gasketi. Kwa kuwa gia na krenki vinaishi kwenye oili moja, shinikizo lilitafuta sili iliyo dhaifu kuliko zote na kuisukuma nje. Mlima Sekenke uliongeza tu mzigo: injini inapovuta kwa nguvu, moshi unaopenya ringi huwa mwingi zaidi.

Mdogo wangu akauliza kuhusu ule weupe wa matone, kama maji yaliingia kwenye injini. Jibu lilinishangaza. Maji huzaliwa ndani ya injini yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Mengi hutoka kwa bomba la moshi yakiwa mvuke, lakini sehemu ndogo hupenya ringi pamoja na ule moshi. Injini ikitumika safari fupifupi asubuhi za baridi, haipati joto la kutosha kuyafukuza, nayo hujikusanya kwenye mpira wa kupumulia na kuchanganyika na oili. Weupe ule haukuwa ugonjwa. Ulikuwa habari kwamba pumzi inatoka na kwamba mashine inazimwa kabla haijapata moto.

Kikafuata kikao cha familia kuhusu mashine ipumue kwa njia gani, na kila mtu alikuwa na lake.

Mume wangu alisema mpira uachwe uning'inie, ila uelekezwe mbali na turubai. Mzee alikataa. Pistoni inapopanda, chumba cha krenki huvuta hewa kurudi ndani. Ncha ikiwa wazi karibu na gurudumu, kinachovutwa ni vumbi, na vumbi la Singida wakati wa kiangazi halina huruma: likiingia kwenye oili husaga ringi na kuta za silinda. Isitoshe, nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda matundu ya ukubwa ule, na udongo wao huziba barabara kuliko gunzi.

Mdogo wangu alipendekeza chupa ya plastiki ifungwe kwenye fremu, mpira uingie humo, matone yakusanyike. Mzee alikiri kwamba madereva wa mashindano hufanya hivyo, ili oili isimwagike kwenye njia ya wenzao. Lakini chupa lazima nayo iwe na tundu la kutolea hewa, lazima imwagwe kila mara, na mtu akisahau au akiifunga kifuniko, tunarudi Sekenke.

Yako pia matoleo ya kisasa zaidi ya mpira wa kupumulia, yenye valvu ndogo ya mwelekeo mmoja: hewa inaruhusiwa kutoka, hairuhusiwi kurudi. Hilo ni wazo la zamani kwa sura mpya. Pikipiki za Triumph za Uingereza zenye silinda mbili, ambazo pistoni zake hupanda na kushuka kwa pamoja, zilisukuma hewa nyingi kiasi kwamba waundaji waliweka kisahani kinachozungushwa na shafti ya kemu, tundu lifunguke pistoni zikishuka na lifungwe zikipanda. Harley-Davidson kwa miongo mingi walifanya kazi hiyo kwa gia maalumu. Kwa pistoni moja ya bodaboda, mzee alisema, hayo yote ni gharama isiyo na sababu.

Njia aliyoichagua ni ile ambayo kiwanda kilikwisha kuiweka. Mpira uingie kwenye boksi la hewa, upande ambao hewa imekwisha kuchujwa. Hapo moshi wenye mvuke wa petroli hurudishwa kwenye kabureta na kuungua, na pistoni inapovuta hewa, inavuta hewa safi. Chini ya boksi huwa kuna kijibomba kifupi chenye mfuniko, ambamo oili na maji hutuama, nacho humwagwa kikijaa. Njia hii haikuletwa na waendesha pikipiki. Jimbo la California nchini Marekani ndilo lililoanza kudai pumzi ya injini irudishwe ndani kwenye magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu moshi wa chumba cha krenki ulikuwa unachangia ukungu wenye sumu wa Los Angeles. Leo sheria iliyotungwa kwa ajili ya mapafu ya watu wa mbali inailinda alizeti ya Iramba.

Ninaliona jambo hili kwa uzito. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazozunguka mkoani kwetu zimetokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa mahsusi kwa nchi ambazo pikipiki hufanya kazi ngumu na huduma ni haba. Waliobuni walijua kwamba mwenye chombo hatakifungua mara kwa mara, kwa hiyo waliifanya ivumilie. Ilivumilia mshikaki, vumbi na mlima. Lakini hakuna injini inayovumilia kunyimwa pumzi.

Kazi ya matengenezo haikuwa kubwa. Sili mpya iliwekwa, mnyororo na tairi vikaoshwa, kichuchu cha boksi kikatengenezwa, na mpira mpya ukanunuliwa kwa bei ndogo kuliko chupa ya oili. Mzee alisisitiza uwe mpira unaohimili oili, maana ule wa bomba la maji hulainika, hujikunja na kujiziba wenyewe. Aliulaza kwa mteremko kuelekea kwenye injini ili matone yarudi yalikotoka, bila kona kali. Oili ikabadilishwa yote.

Kabla hajaunganisha mpira, alimwita kila mmoja wetu, mama akiwa wa kwanza, aweke kiganja kwenye ncha yake injini ikiwa inanguruma. Tulisikia pumzi nyepesi inayogonga na kuacha, inagonga na kuacha, bila moshi mzito. "Hiyo ni afya," alisema. Ringi zikiisha, pumzi hutoka mfululizo, ya moto, yenye moshi wa bluu na harufu ya oili iliyoungua, na hapo ndipo kushusha bloku kuna maana. Ringi zetu zilikuwa nzima. Ada za watoto zikabaki salama.

Mume wangu alimwomba shemeji yake radhi mbele ya mama yake na mbele ya watoto wetu, jambo ambalo wanaume wengi hulifanya gizani au hawalifanyi kabisa. Mdogo wangu alichukua funguo. Mama alitaka kujua kijibomba cha chini ya boksi humwagwa lini, akaambiwa, na tangu siku hiyo ni yeye anayekikagua kila Jumamosi kabla pikipiki haijatoka uani. Hakuna bodaboda kijiweni ambayo boksi lake la hewa ni safi kuliko la kwetu.

Nimejifunza kwamba chombo kikiingia nyumbani, ujuzi wake usiachwe mikononi mwa dereva na fundi peke yao. Kinalisha wote, kinaweza kuwaumiza wote, na mara nyingi anayekiona kwa muda mrefu ni yule anayefagia chini yake. Mama mkwe wangu aliliona tatizo kabla ya sisi sote. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza tundu lile lilikuwa la nini. Bibi anayejua mpira wa kupumulia ni upi ni bima ya nyumba.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayemiliki pikipiki, au unayemwombea kijana wako arudi salama jioni: leo, kabla ya kubadilisha oili tena, fuata mpira ule kwa vidole kuanzia kwenye injini hadi unapoishia. Hakikisha haujakatika, haujajikunja, haujazibwa, na umeingia kwenye boksi la hewa. Mwaga kilichotuama chini ya boksi. Ukiona oili inatoka kwenye sili, anza na mpira huo kabla hujakubali injini ifunguliwe. Kisha waite watu wote wa nyumbani, mkubwa na mdogo, uwaonyeshe kwa mkono wako mashine yenu inapumulia wapi.